Naomba ushauri: makosa ya kimeng'enya cha VVU, nitumie hesabu ipi?

Wakuu, habari za leo. Nasomea maabara hapa Mbarara, na Alhamisi nasimama mbele ya darasa kueleza jinsi VVU vinavyojinakili. Kwamba kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA hakijisahihishi, hilo nimelielewa. Kinachonitesa ni hesabu. Kikipimwa peke yake kwenye tyubu, hukosea takriban herufi 1 ya kijenetiki kati ya elfu chache. Ndani ya seli, watafiti Mansky na Temin (1995) walipata kama 3 kwa kila 100,000. Na kirusi kizima kina herufi 9,700 hivi! Ubaoni nimeandika, nikafuta, mara tatu. Nikieleza usugu wa VVU dhidi ya dawa ya lamivudini, nishike ipi? Msinicheke jamani, mwalimu wetu huuliza hadi jasho likutoke.