Buku jero ya kodi kwenye LUKU inauma, buku jero ya soda na andazi haiumi. Kwa nini?

Mleta mada

Wadau, salamu. Foleni ya Ubungo, jua la saa nane, mtu anatoa jero (shilingi 500) kwa chupa ya maji ya nusu lita na roho yake nyeupe. Chupa 40 za namna hiyo ndiyo dumu moja la lita 20, kwa hiyo amekubali dumu la maji kwa shilingi 20,000, na kesho atarudia. Akishuka kituoni anapanda bodaboda hadi mlangoni, mwendo ambao kwa miguu ni dakika saba. Hanung'uniki.

Mtu huyohuyo LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikimkata 1,500 mwanzo wa mwezi, mtaa mzima utajua. Kwa wasiokumbuka: kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye LUKU tarehe 20 Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda, 1,500 na 7,500.

Swali langu: kinachouma ni kiasi, au ni mtu anayekatwa? Msimamo wangu ni kwamba kiasi hakina shida. Shida ni mpangaji kulipia ukuta usio wake.

Hesabu Kali

Mkuu, umeanzia mbali. Tuangalie kwanza kile ambacho watu wanalipa bila kukiona.

Nunua umeme wa msimbazi mmoja, 10,000, kwa bei ya kawaida ya T1. Uniti ni 292 kabla ya makato. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA (mdhibiti) 1, jumla asilimia 22, kwa hiyo uniti inakufikia kwa 356.24. Unapata uniti 28 na kidogo. Katika ile 10,000, umeme wenyewe ni 8,197. VAT peke yake ni 1,475.

Umeiona hiyo namba? VAT ya umeme wa 10,000 inakaribia kabisa kodi ya jengo ya mwezi mzima. Anayenunua umeme wa 30,000 kwa mwezi analipa VAT 4,426, karibu mara tatu ya hiyo buku jero, na sijasikia kijiwe kilichovunjika kwa ajili yake. Zote zimeandikwa kwenye ujumbe uleule wa LUKU. Tofauti ni kwamba VAT inakuja ikiwa imeyeyuka ndani ya uniti, na kodi ya jengo inakuja kama deni, mstari wake peke yake, inachukua chake kwanza ndiyo wewe upewe kilichobaki.

Mpangaji wa Manzese

Hesabu nzuri, ila imepigwa kwa mtu wa msimbazi. Uswahilini umeme unanunuliwa wa buku mbili. Mwezi umeingia, giza limeingia, mtu ananunua wa 2,000. Inakatwa 1,500. Inabaki 500, gawa kwa 356, unapata uniti 1.4. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi usiku inakula uniti 0.6. Hapo umenunua upepo wa usiku mbili, na robo tatu ya hela yako imekwenda kwenye jengo la mtu.

VAT ni asilimia: anayenunua kidogo anakatwa kidogo. Hii ya jengo haiangalii. Na kama miezi miwili haukununuliwa umeme kwenye mita ile, deni linasubiri likiwa 3,000. Hapo buku mbili haikupi kitu.

Kwa hiyo msifananishe na soda. Soda nikiilipia nainywa mimi.

Mzee wa Tabata

Kijana, nisikilize upande wa pili. Mnasema mwenye nyumba alipe mwenyewe. Sawa. Atailipaje? Ataitia kwenye pango, na hapo ndipo mtakapolia vizuri. Chumba cha 60,000 hakiwezi kuwa 60,250 eti kwa kuwa 1,500 imegawanywa kwa vyumba sita. Hakuna anayepangisha kwa namba hiyo. Kitakuwa 65,000. Vyumba sita mara 5,000 ni 30,000 kwa mwezi, ili kufidia 1,500.

Ikibaki kwenye LUKU, wapangaji sita wanachangia 250 kila mmoja. Jero ya maji ya foleni inalipa miezi miwili. Chagueni.

Mpangaji wa Manzese

Shikamoo mzee. Lakini hilo la 65,000 ni uamuzi wa mwenye nyumba, kodi haijamlazimisha. Na pango linapandishwa hata kodi isipopanda.

Mzee wa Tabata

Marahaba. Hilo la mwisho siwezi kulikataa.

Mchumi wa Kijiweni

Mimi nawarudisha kwenye mada ya mwanzo, maana mnaona kodi ni kitu cha pekee. Angalieni mfuko. Kabla ya tarehe 1 Juni 2019 rambo, mfuko wa plastiki, ilikuwa bure. Haikuwa bure kweli, ilikuwa ndani ya bei ya unga na sukari. Rambo ikapigwa marufuku, mfuko mbadala ukaanza kuuzwa peke yake, na bei ya unga haikushuka hata shilingi kumi. Mpaka leo mtu anamwaga 40,000 sokoni bila tatizo, kisha anagombana kwa mfuko wa 300.

Na ana haki ya kugombana kwa sababu nyingine: mifuko mingi haifiki kiwango. Inatakiwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Ule mwepesi unautambua kwa kuingiza mkono ndani: ukihesabu vidole kwa nje, uache. Angalia na mpini. Uliobandikwa kwa moto tu huchomoka upesi kuliko ulioshonwa kwa uzi. Mtu haoni uchungu kulipia mfuko, anaona uchungu kulipia mfuko utakaochanika kabla ya kufika kituoni.

Gesi ni vilevile. Mtungi wa kilo 6 ukitolewa dukani bila kupimwa, unalipa huku moyo unasita. Ukiwekwa kwenye mzani, unasoma uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa ubavuni au kwenye shingo, unaongeza 6, namba ikilingana unalipa bila neno. Hela ni ileile. Muuzaji wa gesi anatakiwa awe na mzani, kwa hiyo kuuomba usionekane mkorofi.

Fundi Nyaya

Jamani, nimesoma yote, naona mnapigania kipande kidogo. Nyumba ya wapangaji watatu kwenye mita moja inapoteza hela nyingi kuliko hiyo buku jero, na hakuna anayeisema.

Kuna kundi la matumizi madogo, D1. Asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti kwa 100, na makato inakuwa 122. Uniti 75 zote ni 9,150. Sasa tazama chumba kimoja cha kawaida kwa siku:

taa tatu za LED za wati 9, saa tano: uniti 0.135
televisheni ya inchi 32, wati 50, saa sita: 0.3
feni wati 60, saa nane: 0.48

Hiyo ni kama 0.92 kwa siku, 27 na nusu kwa mwezi. Weka pasi ya wati 1,000 kwa saa mbili za mwezi mzima, unafika kwenye 30. Mtu wa uniti 30 akiwa na mita yake ya D1 analipa 3,660.

Wapange watatu kwenye mita moja. Jumla 90. Mita imevuka 75, nyumba iko T1. Uniti 90 ni 32,062, kila mmoja 10,687. Tofauti ni 7,027 kwa kila mtu kila mwezi. Wanagombania buku jero, tena ya kugawana watatu, jero kwa kichwa, na huku elfu saba inapita chini ya mlango.

Hesabu Kali

Fundi, hapo umenikamata. Ila malizia hesabu: mita inagharimu. Kwa mjini, kuunganishwa ndani ya mita 30 bila nguzo ni 320,960. Nyumba ina mita moja tayari, zinahitajika mbili zaidi: 641,920. Akiba ya watatu ni 21,081 kwa mwezi. Inachukua miezi 30 na ushee kurudisha. Na hiyo ni kama hakuna nguzo. Nguzo moja inapandisha gharama hadi 515,618.

Mwenye nyumba atoe hela, akiba iende kwa mpangaji? Atakubali nani?

Mzee wa Tabata

Hakuna. Nasema wazi.

Dada wa Kinondoni

Shikamooni wakubwa. Kwenye D1 kuna mtego ambao watu hawaujui. Kinachohesabiwa ni ulichonunua ndani ya mwezi, hata kama hujakitumia. Anayepata mshahara akaamua kununua umeme wa miezi miwili kwa mpigo, uniti 75 za mwanzo anazipata kwa 122, za juu zinapanda hadi 427, ghali kuliko hata T1. Akizoea hivyo anahamishwa kundi kabisa. D1 nunua ya mwezi huu, ya mwezi ujao subiri tarehe mosi.

T1 haina mambo hayo. Zile habari za kununua usiku, au kununua tarehe fulani ili uniti ziwe nyingi, hazina ukweli. Bei ni moja kwa uniti ya kwanza na ya mwisho. Uniti zikipungua mwanzo wa mwezi, lile ni deni la jengo limekatwa. Kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi yasiwe ya buku mbili. Changeni, mnunue ya 10,000 pamoja: mnapata uniti 23.9 badala ya 28, lakini hakuna anayebaki gizani.

Na friji? Inaingia D1, fundi?

Fundi Nyaya

Friji ndogo nzima inakula kama uniti moja kwa siku. 30 na 30 ni 60, umo ndani. Ukiongeza hita ya kuchemshia maji ya kuoga, ndoo moja ya lita 20 kwa siku kutoka nyuzi 27 hadi 45 ni uniti 0.42, kwa mwezi 12.6. Jumla 72.6. Umebaki na uniti mbili na kidogo, na siku ya wageni umepita.

Friji ya mtumba ndiyo inayotoa watu D1. Mara nyingi ni mpira wa mlango. Bana noti nusu ndani nusu nje, funga, vuta. Ikitoka bila kukaza, baridi inavuja na mashine haipumziki. Zunguka pande zote nne.

Kama mita za kila mtu haziwezekani, fungeni mita ndogo za ndani. Haziwarudishi D1, hilo mjue, lakini zinaua ugomvi. Siku ya kununua, kila mtu asome yake, toa usomaji wa mwisho, gawanya kwa uwiano. Jumla ya mita ndogo ikiwa pungufu ya mita kuu, ile tofauti ni taa ya koridoni, ya choo, na pampu kama ipo. Hiyo ndiyo ya kugawana sawa. Kosa la mafundi wengi ni kuvuta taa ya koridoni kutoka kwenye waya wa chumba cha jirani kwa sababu kiko karibu. Mwenye chumba analipia koridoni mwaka mzima. Kuipima ni rahisi: kila mtu azime swichi zote chumbani, washeni ya koridoni tu, tazameni mita ndogo ipi inapepesa taa nyekundu.

Mpangaji wa Manzese

Nimekubali hesabu ya fundi, sijakubali hitimisho. Elfu saba inaondoka kwa sababu ya mita kushirikiwa, na uamuzi wa kushirikisha mita ni wa mwenye nyumba. Buku jero ni ya jengo, na jengo ni la mwenye nyumba. Zote mbili zinaelekea mlango mmoja.

Mleta mada

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kwa anayetaka kuidai bila ugomvi: usifute ujumbe wa LUKU wa manunuzi ya kwanza ya kila mwezi, ndio unaoonyesha deni lililokatwa. Miezi sita ni 9,000. Pango la miezi sita likifika, peleka jumbe sita na pango lililopunguzwa 9,000. Lakini yaandikwe kwenye mkataba kabla, mstari mmoja tu: "Kodi ya jengo itakayokatwa kwenye mita itapunguzwa katika pango." Bila mstari huo unakwenda kuombana.

Mzee wa Tabata

Mstari huo nitausaini. Na pango litaandikwa 65,000.

Dada wa Kinondoni

Mzee! Basi niulize la mwisho. Nyumba ya kawaida ina mita mbili, ya mbele na ya uani, na zote zinakatwa 1,500. Ni sawa?

Fundi Nyaya

Hiyo haifai kuachwa. Nyumba ya kawaida inadaiwa mara moja. Chukua namba za mita zote mbili na ujumbe wa mwezi mmoja kutoka kila mita, mwenye nyumba apeleke TRA waondoe moja. Aende yeye, maana kodi iko kwa jina lake. Kwenye ghorofa mkague zaidi: jengo la sakafu nane ni 60,000 kwa mwezi, na deni lote likielekezwa kwenye mita ya duka la chini, mwenye duka atanunua umeme wa 50,000 asipate hata uniti.