Tupeane uzoefu: kinga za asili dhidi ya bahari inayokula nchi kavu

Mkaa Ufuoni: Ndugu wanajukwaa, leo nimeona picha ya ukuta wa bahari uliolala kifudifudi baada ya mawimbi kuuchimba chini, nikakumbuka ufuo wa utoto wangu, ambao ulianza kupungua mara tu jirani wa upande unakotoka mkondo alipojijengea ukuta wa namna hiyo. Naomba tusimuliane kuhusu mikoko, matuta ya mchanga, matumbawe na majani ya bahari: ni kipi mmekiona kikifanya kazi?

Bamvua Kuu: Umenigusa pabaya. Mbele ya kijiji chetu palikuwa na mikoko hadi ilipofyekwa kupisha mabwawa ya kambamiti, kisha tukajengewa ukuta wa zege na kuambiwa tulale bila wasiwasi. Usiku dhoruba ilipokutana na bamvua, yaani maji kujaa kupita kawaida wakati wa mwezi mpya au mpevu, maji hayakuuvunja ukuta. Yaliupanda, yakamwagika kwetu, na yalipotaka kurudi baharini ukuta ule ule ukayazuia. Mama alisimama juu ya meza akiwa amembeba mdogo wangu, baba akipapasa ndani ya maji kutafuta shoka ili atoboe ukuta wa nyuma wa nyumba, nasi wengine tukiwa tumeshikilia boriti, tukiitana majina gizani ili tujue nani bado yupo. Ng'ambo ya mlango wa mto, ambako mikoko haikuguswa, maji yaliingia majumbani vilevile, lakini yaliingia bila mawimbi, na hakuna nyumba iliyobomoka. Kwetu zilibaki sakafu.

Mlilana: Nasi tuliona hivyo hivyo. Maji yakija peke yake unaokoa hata godoro. Yakija na mawimbi, shukuru ukiokoa watu.

Jiwe la Pembeni: Pole sana, ndugu Bamvua, ila tusigeuze huruma kuwa uhandisi. Katika tsunami ya 2004 ipo mikoko iliyong'olewa pamoja na mizizi yake. Isitoshe, mti huhitaji miaka ili ukue, na wimbi la mwezi ujao halitausubiri.

Mashapo: Ndugu Jiwe, tsunami ni mzigo mwingine kabisa, na pwani nyingi huliwa na mawimbi ya kila siku. Vipimo vya sehemu mbalimbali vinaonyesha kwamba ukanda wa mikoko wenye upana wa mita 100 hupunguza kimo cha mawimbi ya upepo kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea msongamano wa miti na mizizi pamoja na kina cha maji. Maji yanayoinuliwa na dhoruba ni suala jingine, kwani hayo hushuka kwa sentimita 5 hadi 50 tu kwa kila kilomita ya msitu. Ndiyo maana ng'ambo kwa kina Bamvua maji yaliingia na mawimbi yakabaki nje.

Bi Mchu: Mimi nauliza mikoko ipi, na ipandwe wapi? Nimechoshwa na sherehe ambazo wageni huja na fulana mpya, wakachomeka miche kwenye tope la chini lisilowahi kukauka, wakapiga picha na kuondoka. Ufilipino imepoteza miche mingi mno kwa namna hiyo: ule mkoko wenye mbegu ndefu ulipendwa kwa sababu ni rahisi kuuokota na kuuchomeka, ilhali wanaostahimili kukaa mbele ya maji ni mchu na mlilana.

Fulana Mpya: Bibi, wengine tulitumwa na waajiri wetu. Hata mti mmoja ukipona si hasara.

Bi Mchu: Mjukuu wangu, mti mmoja utafungia ngalawa, wimbi hutalizuia.

Jiwe la Pembeni: Na Waholanzi je? Mwaka 2011 walirundika pwani kwao takriban mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga, nao wakasema wanajenga pamoja na asili. Meli ya kuchota mchanga huota msimu gani?

Mashapo: Meli ilimaliza kazi yake ikaondoka. Upepo, mawimbi na mkondo ndivyo vinavyousambaza mchanga huo kando ya pwani, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Tuta la Mchanga: Sisi tuliokaa kwenye matuta tunajua kwamba adui wa kwanza ni miguu ya watu. Wekeni njia ya mbao, zungushieni fito ili mchanga unaopeperushwa unase, na majani yanayotambaa yatajiotea. Msipande mvinje mbele kabisa, maana mawimbi yakichimba mizizi huanguka na tuta lake.

Mlilana: Pandeni tu mvinje. Wa kwetu bado umesimama.

Mkaa Ufuoni: Ndugu Bamvua, shoka lilipatikana?

Bamvua Kuu: Lilipatikana, baba akatoboa, sote tukapona. Tulihamia juu. Mabwawa yaliachwa, kingo zake zikakatwa pale maji yalipokuwa yakipita zamani, na mchu ukaota wenyewe bila mtu kupanda. Ule wa mbele sasa umenipita kimo.

Jiwe la Pembeni: Basi ukuta wangu nauacha, nanyi mnipandie mchu mbele yake bure.

Mashapo: Wimbi linalogonga ukuta na kurudi litaing'oa miche yako. Huko Demak, katika kisiwa cha Java, walianza kwa kusimika nguzo na kujaza matawi katikati yake, ili maji yapite na tope libaki, kisha mikoko ijiotee. Palikuwa na mafanikio, lakini ardhi inatitia kwa sababu maji ya chini yanavutwa mno, na sehemu nyingine bahari imeshinda. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mbegu, chunguza kwanza kama kiwanja chako chenyewe hakizami.