Mwezi mzima kwenye sertralini na bado narudi kukagua mlango

Kitasa: Wakuu, nina OCD, ule ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na kulazimika kurudia vitendo. Yangu ni ya kukagua: mlango, pasi, jiko, kisha mlango tena. Daktari alinianzishia sertralini miligramu 50. Mwezi umekatika, kichefuchefu kimeisha, lakini kitasa bado nakishika mpaka vidole vinauma. Dada yangu alipewa dozi hiyo hiyo kwa sonona, akachangamka mapema tu. Dawa imenikataa? Niache?

BabaWawili: Usiiache, tena usiikate ghafla, utapata kizunguzungu na hasira zisizo na kichwa wala miguu. Na usijipime kwa dada yako. Dawa ni moja, mwendo si mmoja. Kwa OCD husubiriwa wiki 8 hadi 12 ndipo iamuliwe kama imefanya kazi, na dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona. Sertralini hupandishwa taratibu, mwisho 200 kwa siku. Hiyo 50 ndiyo kwanza unaanza.

Mimi sikujiona nikibadilika. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Siku hizi huniulizi kama gesi imefungwa." Wazo lilikuwa bado linakuja, ila limeng'oka meno.

Mzee wa Klomi: Mie sertralini haikunifaa, fluoksetini nayo vile vile. Nikahamishiwa klomipramini, dawa ya zamani. Marekani waliiidhinisha kwa OCD mwaka 1989. Imenisaidia, ila kinywa kikavu, choo kigumu, na jasho usiseme! Walinipima ECG ya moyo kwanza. Ndiyo maana hawaanzi nayo.

Kitasa: Asanteni. Na diazepamu je? Kuna mtu kanishauri.

BabaWawili: Hiyo inatuliza wasiwasi kwa saa chache, OCD yenyewe haiigusi, halafu unaizoea mpaka huwezi kuiacha. Bora uulizie tiba ya kujizoesha pamoja na vidonge: unafunga mlango mara moja, unaondoka, wasiwasi unapanda, hurudi, mpaka ushuke wenyewe. Siku za mwanzo utaichukia. Wengi wetu vidonge peke yake hupunguza tu, havimalizi.

Kitasa: Nina kliniki Alhamisi. Nitauliza dozi na hilo zoezi la mlango.

Mzee wa Klomi: Mwambie pia kama hamu ya tendo la ndoa imepungua. Wanaume tunaficha, kisha tunaacha dawa kimyakimya. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje Alhamisi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.