Ushauri: Nimpeleke mama mkwe Salem, au tubaki Boston tu?

NgwanaBoston: Wakuu, habari za usiku. Mama mkwe anakuja Oktoba kutoka Mwanza, ndege ya kwanza maishani. Nataka kumtoa siku mbili, nimewaza Salem. Treni toka North Station ni kama nusu saa. Mji unamfaa mama wa miaka 68?

Kijana_wa_Malindi: Mpeleke! Wazee wetu Unguja waliijua Salem kabla ya New York. Merikani waliyovaa ililetwa na meli za huko, zikarudi na pembe na sandarusi, ule utomvu wa kutengenezea vanishi. Konsuli wa kwanza wa Marekani Unguja, mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Na Makumbusho ya Peabody Essex ndiyo yanayotunza picha ya Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sultani wa Unguja aliyekwenda New York na meli ya Sultana mwaka 1840.

MamaK: Sisi tulienda tukakosa hata pa kuegesha gari. Mume wangu alinuna mpaka nyumbani, na hadi leo nikitaja Salem ananuna upya.

Fundi_Saa: Mkuu, "unamfaa" kivipi? Mama ana shida ya miguu? Funguka.

NgwanaBoston: Miguu mizima. Basi niseme. Kijijini Shinyanga walimwita mchawi, sababu macho mekundu. Ni moshi wa kuni tu. Ikabidi ahamie kwa mwanae Mwanza. Ila hoteli nimeshalipia na hela hairudi. Halafu Kiingereza hajui, hatagundua.

Fundi_Saa: Hatagundua?! Magari ya polisi wa Salem yana nembo ya mchawi kapanda ufagio!

Bwashee: Ufagio? Wa kwetu wanapanda ungo. Wazungu wako nyuma.

Mtumishi77: Mama mkwe hupelekwa kanisani. Vijana mmepotea.

Dada_wa_Lowell: Mimi naona umpeleke, ila umwambie ukweli kabla. Pale Charter Street kuna ukumbusho wa waliouawa mwaka 1692 kwa kusingiziwa uchawi, mabenchi ya mawe yenye majina yao. 19 walinyongwa, mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka kufa. Rebecca Nurse alikuwa bibi wa miaka 71, mcha Mungu. Jina la mwisho limesafishwa mwaka 2022 tu! Akae pale, umsomee. Yale maduka ya kofia nyeusi za kichawi za Halloween, ile sikukuu ya mizimu ya Oktoba 31, mpite.

Bwashee: Ngoja kwanza. NgwanaBoston, Julai ulifungua uzi hapa unatafuta mchumba. Mama mkwe kapatikana lini?

MamaK: Heee! Chai.

Fundi_Saa: Chai ya tangawizi. Leteni maandazi.

NgwanaBoston: Mambo yalienda haraka, mkuu. Nimeuliza mji, sijauliza ndoa.

Kijana_wa_Malindi: Hata kama ni chai, mimi nimekunywa. Hoteli umelipia tarehe ngapi?

NgwanaBoston: 30 na 31. Kwani vipi?