Naomba ushauri: mafunzo ya kupokea simu za dharura

Ndugu zangu, mimi ni mkazi wa Newala, mkoani Mtwara, na nimemaliza kidato cha sita. Usiku mmoja mama mdogo alishikwa na uchungu ghafla, nikapiga 115, namba ya dharura ya wagonjwa, nami sikuweza kueleza tulipo isipokuwa kwa kutaja mkorosho mkubwa ulio nyuma ya ghala la ushirika, huku mpokeaji akiniuliza kwa utulivu kama damu inatoka na kama mgonjwa anaongea. Tangu hapo natamani sana kazi hiyo. Je, nisomee kwanza uuguzi, au niimarishe kompyuta na usomaji wa ramani? Na kwa simu za zimamoto, 114, ni lazima nipitie mafunzo ya askari? Mwenye uzoefu wa zamu za usiku anieleze pia hujituliza vipi simu inapokatika ghafla.