Mashimo ya panya shambani: nitajuaje lipi lina mwenyewe?

MwanaKilosa: Wakuu habarini. Nasoma kilimo, utafiti wangu ni wa panya kwenye shamba la mahindi huku Kilosa. Mashimo nimeyahesabu mpaka basi, sasa msimamizi anauliza mangapi yana panya ndani. Mengine ni kilima cha udongo tu, mlango siuoni. Naombeni msaada.

MzeeWaMitego: Kijana, umeuliza jambo ninalolipenda. Kazi hii nimeifanya Morogoro miaka mingi. Usichukue idadi ya mashimo ukadhani ndiyo idadi ya panya. Panya shamba (Mastomys natalensis) anaweza kuwa na milango kadhaa, na kiangazi udongo mweusi ukipasuka anajikalia kwenye nyufa bila kuchimba chochote.

Jioni ziba kila shimo kwa udongo laini, chomeka kijiti chenye namba pembeni. Alfajiri pita tena, uchuchumae uangalie vizuri. Udongo ukiwa umemwagwa nje, aliyefungua alikuwa ndani. Ukiwa umeangukia ndani, kuna aliyekuja kutoka nje akaingia. Hicho kilima kisicho na mlango ni cha fuko, mtoe kwenye hesabu.

Halafu tega mitego ya Sherman, ile inayomnasa akiwa hai. Chambo ni siagi ya karanga na unga wa mahindi. Kagua asubuhi mapema. Bati la mtego likipata joto la jua panya anakufa, na wewe unamtaka hai umtie alama, umwachie, umnase tena. Makadirio mazuri ya idadi yanatoka hapo. Ukipata jike mgeuze taratibu uone chuchu, zinaweza kufika 24! Ndiyo maana vuli ikinyesha sana wakaanza kuzaa mapema, wakulima wanalia.

BintiUsambara: Naongezea kutoka Lushoto, tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, tunaijua tangu 1980. Tafadhali mdogo wangu, usitie mkono shimoni. Viroboto wanakaa palepale mlangoni wakingoja mwenye damu. Wanaowakusanya hufunga kitambaa cheupe kwenye ncha ya waya, wanakisukuma ndani, wanakizungusha, wakikivuta unaona vidoa vya kahawia vinarukaruka juu yake. Vaa glavu, suruali ichomeke ndani ya soksi. Nyoka nao hupenda mashimo hayo.

MwanaKilosa: Asanteni sana. Mzee, kuziba usiku mmoja kunatosha? Na naweza kutega usiku huohuo nimalize mapema?

MzeeWaMitego: Rudia usiku kadhaa mfululizo, maana si kila panya hutoka kila usiku. Mvua ikinyesha usiku huo uache, maji yanabomoa udongo uliozibia na huwezi kujua nani kafungua. Pia fanya kabla trekta halijapita, likishalima milango yote inafukiwa. Kutega, subiri umalize kuziba kwanza. Panya aliyelala mtegoni hawezi kwenda kufungua shimo lake, utaliandika tupu kumbe mwenyewe unaye mkononi.