Maumivu ya kinena yasiyoisha na UTI haionekani, naombeni ushauri

Lori la Uyole:
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 36, dereva wa lori njia ya Dar–Tunduma. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na maumivu ya kinena na msambani, kama nimekalia kokoto. Siku ya kushinda kwenye foleni ya Tunduma ndiyo balaa zaidi. Mkojo unanibana kila mara, na nikimaliza tendo maumivu yanapanda mno, mpaka nimeanza kumkwepa mke wangu, naye anahisi nina mtu huko njiani.

Kila zahanati naambiwa UTI sugu, napewa sipro, ile dawa ya kuua bakteria. Safari hii wameotesha mkojo, hakuna kijidudu, lakini cheti kinasema chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, zipo. Kama hakuna mdudu, hizo chembe zinapigana na nani?

Mwana Mwanjelwa:
Pole kaka. Kuna mzee hapa sokoni ana mizizi inasafisha kabisa. Nicheki faragha.

Tabibu Iringa:
Mkuu, mizizi iache kwanza, usije ukaumiza figo bure.

Hilo swali lako ndilo lenyewe. Madaktari wanagawa prostataitisi, yaani ugonjwa wa kuvimba na kuuma tezi dume, makundi 4, na zaidi ya asilimia 90 ya wenye dalili wako kundi la 3: maumivu ya nyonga ya miezi 3 au zaidi, bakteria hawaonekani. Sipro hapo haina cha kuua.

Kinachodhaniwa ni kwamba kinga ya mwili imegeukia tezi dume yenyewe. Kuna seli T, aina ya chembe nyeupe, zinazochochea uvimbe, halafu kuna seli za masti, nazo ni za kinga, zilizojaa vifuko vya kemikali za kuwasha uvimbe, histamini na triptezi, na kukaa jirani kabisa na neva. Zikimwaga vitu hivyo, pamoja na protini inayokuza neva, neva zinakuwa nyepesi mno: kibofu kikiingia mkojo kidogo tu unasikia kimejaa. Majimaji ya tezi dume ya wagonjwa yamekutwa na triptezi na protini hiyo kwa wingi, na panya wasio na seli za masti walipata maumivu pungufu kuliko wenzao kwenye majaribio. Misuli ya nyonga nayo inakaza, maumivu yanazidi.

Ila usikeshe unahesabu chembe nyeupe kwenye cheti. Wingi wake hauendani na ukali wa maumivu.

Omba rufaa hospitali ya kanda Mbeya, uonane na daktari wa mfumo wa mkojo. Wewe na mkeo mpimwe wote wawili kisonono na klamidia, magonjwa ya zinaa. Uliza pia fiziotherapia ya kulegeza misuli ya nyonga. Wengine husaidiwa na tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo.

Mama Makambako:
Shemeji, mume wangu alipitia hayo hayo. Usimwambie mkeo kwa simu ukiwa njiani. Nenda naye, amsikie daktari kwa masikio yake. Mimi nilipoelewa kwamba si mambo ya wanawake, nilianza kumkandia maji ya moto jioni, na hasira ikaniisha.

Lori la Uyole:
Asanteni sana. Jumatatu tunaenda wote. Nikipata mzigo kabla ya hapo, niende?

Tabibu Iringa:
Nenda, lakini shuka utembee kila baada ya saa moja au mbili. Ukipata homa na kutetemeka, mkojo ukigoma kutoka, au ukaona damu, paki lori uende hospitali iliyo karibu, usisubiri Jumatatu.